Una Mimba, Unataka Kupanda Ndege?

Ilikuwa Jumapili saa tatu usiku simu yangu ilipolia. Aliyepiga alikuwa dada mmoja wa usharika wetu hapa Dar es Salaam, ambaye huhudhuria darasa la akina mama wajawazito ninalosaidia kufundisha Jumamosi moja kila mwezi. "Shikamoo mama," alisema, na kabla sijaitikia akaanza kulia. Baba yake alikuwa amefariki jioni ile huko Bukoba. Kaka zake walikuwa wamekwisha kumkatia tiketi ya ndege ya asubuhi ya kesho yake, kupitia Mwanza.

Mimba yake, ya kwanza, ilikuwa na wiki 33. Mama mkwe wake, ambaye alikuwa pale nyumbani, alikataa katakata. Ndege ikipaa, alisema, hewa hukaza tumbo na mtoto hutoka kabla ya siku zake. Mume wake naye alisema heri ndege kuliko basi la zaidi ya kilomita 1,300. Yule dada alikuwa katikati, na msiba juu yake. "Mama, wewe ni nesi. Niambie, niende au nisiende?"

Nilimwambia siwezi kumjibu kwenye simu. Aje kwangu alfajiri, kabla ya kwenda uwanjani, na aje na kadi yake ya kliniki pamoja na mkojo wa asubuhi katika chupa safi. Yaliyotokea alfajiri ile nitayaeleza baadaye, kwa sababu swali lake si lake peke yake. Miaka ile tulipoanza kazi, mjamzito kupanda ndege lilikuwa jambo la wake za wakubwa. Siku hizi akina mama wa kawaida wanaruka kwenda Mwanza, Songwe na Kigoma, wafanyabiashara wanakwenda Dubai na Guangzhou, na wengine wanasindikiza wagonjwa India. Wengi wanapanda ndege wakiwa na mimba bila kumwuliza mtu yeyote. Wengine wanaogopa bure, wanapanda basi la siku nzima, na huko ndiko wanakopata shida.

Ndege yenyewe humfanya nini mama?

Tuanze na hofu ya mama mkwe. Ndege kubwa za abiria huruka mita 10,000 na zaidi kutoka chini, mahali ambapo hewa haimtoshi binadamu. Kwa hiyo mitambo ya ndege husukuma hewa ndani ili abiria wapumue. Hewa hiyo hailingani na ya pwani. Ni kama ya mahali penye mwinuko wa kati ya mita 1,800 na 2,400 kutoka usawa wa bahari.

Sasa fikiri, mpenzi msomaji. Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000. Addis Ababa uko zaidi ya mita 2,300. Akina mama wa huko hubeba mimba katika hewa hiyo kwa miezi tisa yote, wanalima, wanapanda vilima na kuni kichwani, na wanazaa watoto wazima. Wewe utakaa katika hewa ya namna hiyo saa moja na nusu ukienda Mwanza, au saa tisa, kumi ukienda Ulaya. Tena damu ya mtoto aliye tumboni imeumbwa kwa namna yake: hushika oksijeni kwa nguvu kuliko damu ya mtu mzima. Mama akipungukiwa kidogo, mtoto bado anapata fungu lake.

Kwa hiyo, kwa mama mwenye afya na mimba isiyo na matatizo, hakuna ushahidi kwamba kupanda ndege huharibu mimba au huanzisha uchungu. Mimba nyingi zinazotoka hutoka katika wiki 12 za kwanza, mama awe angani au jikoni kwake. Aliyesafiri wiki ile ataisingizia ndege, na asiyesafiri atatafuta kingine cha kusingizia.

Hata hivyo, neno la mama mkwe kuhusu tumbo kukaza si la kutunga. Ndege inapopanda, gesi iliyo kwenye utumbo hutanuka, karibu theluthi moja zaidi ya ilivyokuwa chini. Mama mwenye mimba kubwa hulisikia tumbo limejaa na kubana. Hiyo ni gesi, si mtoto. Siku ya safari na siku iliyotangulia acha maharage, kabichi na soda, nawe utaona tofauti.

Mama mwenye upungufu mkubwa wa damu habari yake ni nyingine. Kama wekundu wa damu umeshuka chini ya 7.5, ile hewa nyepesi inaweza kumwelemea, naye anapaswa kutibiwa damu kwanza kabla ya kufikiria tiketi. Mwenye ugonjwa wa selimundu asipande bila kuonana na daktari wake, hasa kama amepata maumivu makali hivi karibuni. Hapa kwetu, ambako malaria na minyoo hunyonya damu za akina mama wengi, naliona jambo hili kuwa zito kuliko lile la urefu wa ndege. Namba ya wekundu wa damu imeandikwa kwenye kadi yako ya kliniki. Umewahi kuisoma?

Wengine huniuliza juu ya ule mlango wa ukaguzi uwanjani. Ule mlango unatafuta vyuma kwa nguvu za sumaku, hautumii eksirei, kwa hiyo pita bila wasiwasi. Ukiona shaka, omba askari wa kike akupekue kwa mikono. Na ile mionzi ya angani inayosemwa na watu ni kidogo mno kwa anayesafiri mara moja moja. Wahudumu wa ndege na wafanyabiashara wanaoruka kila wiki ndio wanaopaswa kuzungumza na daktari wao.

Mguu wangu wa kushoto

Hatari ambayo ndege huiongeza kweli wengi hawaijui, na naona haya kidogo kueleza jinsi nilivyojifunza.

Mwaka 2013 nilimsindikiza mama mkwe wangu Chennai, India, kwa upasuaji wa moyo. Nilikuwa na mimba yangu ya tatu, wiki ya 25. Kurudi, tulibadilisha ndege katika nchi za Ghuba, safari mbili ndefu moja baada ya nyingine. Nilikaa dirishani ili mama akae karibu na njia. Sikutaka kumwamsha, kwa hiyo sikusimama. Na kwa kuwa sikutaka kwenda chooni, sikunywa maji. Muuguzi mzima, mwenye diploma yangu ukutani!

Siku ya nne baada ya kufika nyumbani, mguu wangu wa kushoto ulivimba. Nikajiambia ni uvimbe wa mimba, kama niliokuwa nao kwa watoto wawili wa kwanza. Nikaenda kazini. Mwenzangu mmoja wa wodini aliniona nikichechemea, akaniketisha, akaipima miguu yote miwili kwa utepe wa fundi cherehani. Wa kushoto ulikuwa umezidi kwa sentimita nne. Shavu la mguu lilikuwa la moto na liliniuma alipoligusa. Hakuniuliza tena kitu. Alinipeleka mwenyewe kwenye ultrasaundi, na hapo likaonekana bonge la damu ndani ya mshipa mkubwa wa mguu.

Bonge la namna hiyo likikatika husafiri na damu hadi mapafuni, na mama anaweza kufa ghafla. Nilijidunga tumboni sindano ya kuzuia damu kuganda kila siku hadi karibu na kujifungua, kisha nikaendelea wiki sita baada ya kujifungua. Kijana wangu sasa ananizidi urefu. Lakini bado nauona ule utepe wa cherehani.

Mimba, kwa asili yake, huifanya damu iwe nyepesi kuganda. Ni njia ya mwili kujiandaa ili mama asivuje damu nyingi wakati wa kuzaa. Ukikaa muda mrefu huku magoti yamekunjwa, damu husimama miguuni, na safari ikizidi saa nne hatari huanza kuongezeka. Kwa wajawazito, mguu wa kushoto ndio unaoshikwa mara nyingi zaidi. Aliye na miaka zaidi ya 35, aliye mnene sana, mwenye mapacha, au ambaye yeye au ndugu yake wa damu aliwahi kuganda damu, yumo hatarini zaidi ya wengine. Huyo amwone daktari kabla ya safari ndefu, kwani huenda akahitaji sindano.

Kwa wengine kinga ni rahisi. Unapoagiza tiketi omba kiti cha kando ya njia. Simama na utembee kidogo kila baada ya saa moja hivi, isipokuwa mkisha ambiwa mfunge mikanda. Ukiwa umekaa, inua visigino, shusha, kisha inua vidole vya miguu, kama anayekanyaga cherehani. Kunywa maji, kwani hewa ya ndani ya ndege ni kavu sana. Ukienda chooni mara kwa mara, hayo nayo ni matembezi. Kwa safari ndefu vaa soksi za kubana zinazofika chini ya goti, zinazokutosha sawasawa, na uzivae asubuhi kabla mguu haujavimba. Usinywe vidonge vya aspirini kwa shauri la jirani, na vidonge vya usingizi viache kabisa.

Uvimbe wa mimba wa kawaida hushika miguu yote miwili. Mguu mmoja ukivimba peke yake, ukauma na kuwa wa moto, au ukapata pumzi fupi, maumivu ya kifua ama kukohoa damu, hata wiki kadhaa baada ya safari, nenda hospitali siku hiyo hiyo na useme wazi, "Nina mimba na nilisafiri kwa ndege." Sentensi hiyo humsaidia daktari kuliko unavyodhani.

Wewe unahesabu miezi, wao wanahesabu wiki

Mwaka jana mama mmoja wa kwaya alikwenda uwanjani na mimba ambayo yeye aliiita "ya miezi saba na kidogo". Kwenye kaunta wakaomba barua ya daktari. Hakuwa nayo, na hakujua kwamba inahitajika. Walipohesabu kwa wiki ikawa 34, wakamkatalia. Kwa hasira, na kwa kuwa alikuwa akienda harusi ya mdogo wake Mwanza, kesho yake akapanda basi. Kabla ya kufika Singida chupa ilipasuka. Alijifungulia katika kituo cha afya kando ya barabara, mtoto wa kilo 2, naye akambeba kifuani ngozi kwa ngozi kwa wiki mbili kabla ya kuruhusiwa. Harusi aliisikia kwa masimulizi.

Siwezi kusema basi lilipasua chupa. Huenda ingepasuka hata nyumbani. Ninachosema ni kwamba wakati ule alipaswa kuwa karibu na mkunga wake, na kama angeomba barua mapema angepimwa, na pengine angeshauriwa asiende popote.

Makampuni mengi ya ndege yanafanana katika masharti yao. Mama mwenye mtoto mmoja na asiye na matatizo husafiri hadi mwisho wa wiki ya 36. Mwenye mapacha mwisho wake ni wiki ya 32. Kuanzia wiki ya 28 wengi huomba barua. Lakini yako makampuni yenye masharti makali zaidi, hasa kwa safari za kimataifa, na mengine yana fomu yao wenyewe ya kujazwa na daktari. Kwa hiyo uliza siku ile ile unayonunua tiketi, ukiwataja wiki zako, si siku ya kuondoka.

Kuhesabu si kazi ngumu. Anza siku ya kwanza ya hedhi yako ya mwisho. Tuseme ilikuwa tarehe 10 Januari. Wiki 28 zinatimia tarehe 25 Julai, wiki 32 tarehe 22 Agosti, na wiki 36 tarehe 19 Septemba. Utatazamia kujifungua karibu tarehe 17 Oktoba. (Mwaka mrefu, Februari ikiwa na siku 29, punguza siku moja.) Akina mama wengi hujisahau hapa: wanahesabu siku ya kwenda, hawahesabu ya kurudi. Ukienda Dubai na wiki 33, biashara ikakuchelewesha mwezi mmoja, utazuiwa huko huko ugenini, na kujifungua hospitali ya watu kwa fedha za watu. Bima nyingi za safari hazilipi gharama za uzazi, au zinakoma kulipa mimba ikifika wiki fulani. Soma yale maandishi madogo, au mpe mtu akusomee.

Barua ya daktari iwe na jina lako kama lilivyo kwenye tiketi, wiki za mimba siku ya safari, tarehe unayotazamia kujifungua, kama ni mtoto mmoja au mapacha, na neno wazi kwamba amekupima na hakuna matatizo. Iwe na sahihi, mhuri na namba ya simu. Iandikwe siku chache tu kabla ya kuondoka, kwa sababu barua ya mwezi uliopita haisemi lolote juu ya presha yako ya leo.

Wakati mzuri kuliko wote, ukiwa na nafasi ya kuchagua, ni kati ya wiki ya 14 na ya 28. Kichefuchefu kimepungua, tumbo bado halijakuelemea. Kabla ya hapo, kama hujapimwa kuhakikisha kwamba mimba iko ndani ya mfuko wa uzazi, na una maumivu ya upande mmoja wa tumbo au matone ya damu, usiende mbali na hospitali kwa chombo chochote. Mimba iliyotunga nje ikipasuka, dakika ndizo huamua.

Alizaliwa angani

Huenda ulisikia habari za Desemba 2021. Mama mmoja wa Uganda, aliyekuwa akifanya kazi Saudi Arabia, alikuwa akirudi nyumbani kwa ndege ya Qatar Airways kutoka Doha kwenda Entebbe. Mimba yake ilikuwa ya wiki 35. Muda mfupi baada ya kupaa, uchungu ukamshika. Wahudumu wakatangaza kama kuna daktari ndani. Alikuwapo, Dakta Aisha Khatib kutoka Canada. Wakajitokeza pia muuguzi na daktari wa watoto. Mtoto wa kike akazaliwa salama, akalia, abiria wakapiga makofi.

Tunamshukuru Mungu. Lakini mimi kama mkunga nilipoisoma habari ile nilihesabu: daktari, muuguzi, na daktari wa watoto, wote ndani ya ndege moja usiku mmoja! Wahudumu wa ndege hufundishwa huduma ya kwanza, na rubani anaweza kutua uwanja wa karibu. Ila ndani ya ndege hakuna damu ya kuongezewa, hakuna chumba cha upasuaji, wala chombo cha kumtunza njiti. Ndiyo maana wale wa kaunta hukaza shingo. Wanaogopa uchungu, nao hawana chuki na tumbo lako.

Akina mama ambao wabaki nyumbani

Hapa sitaki kuzungusha maneno. Kama unatokwa na damu, kama umeambiwa kondo la nyuma limekaa chini na kuziba njia, kama presha iko juu au mkojo una protini, kama maji ya chupa yanavuja, kama una uchungu wa mara kwa mara, kama mlango wa kizazi umeshonwa au umeambiwa ni mlegevu, usipande ndege. Vivyo hivyo kama una malaria kali au ugonjwa wa moyo au wa mapafu unaokubana pumzi. Kama uliwahi kuzaa njiti, zungumza na daktari hata ukijisikia mzima. Mtoto akipunguza kucheza, kwanza hospitali.

Utaona kwamba karibu yote hayo hayahusu ndege. Yangekuwa ya hatari hata ukiwa njiani kwenda Kibaha. Tofauti ni kwamba Kibaha unaweza kumwambia dereva asimame.

Siku ya safari

Vaa dera au gauni pana na viatu vilivyo wazi, maana miguu ikivimba ukiwa umevua viatu vya kubana, utashuka peku. Chakula kiwe kidogo kidogo: ndizi, biskuti kavu, mkate. Safari za kimataifa hawakuruhusu kupita ukaguzi na maji zaidi ya mililita 100, kwa hiyo nunua ukishapita. Tangawizi husaidia kichefuchefu. Dawa ya duka ya kuzuia kutapika usinunue bila kusema una mimba.

Mkanda wa kiti ufunge chini ya tumbo, ukipita juu ya nyonga na mapaja, na uuache umefungwa wakati wote unapokaa, kwani ndege hurushwa na upepo bila hodi. Nimewaona akina mama wakiufunga juu ya kitovu, na wengine wakiuficha chini ya khanga bila kuufunga kabisa.

Kadi ya kliniki, barua, na dawa zako viwe kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye sanduku linalokwenda chini. Masanduku hupotea. Kuomba kabla ya safari ni vema, na kadi iwe mkobani vile vile.

Uliza pia unakokwenda kuna nini. Anayetoka Njombe kwenda Mwanza au Bukoba anaingia kwenye mbu, basi achukue chandarua na aseme kliniki kama ameshapata vidonge vyake vya SP vya mwezi huo. Wifi yako anayeishi Ulaya, anayekuja likizo na mimba, mwambie azungumze na daktari wa huko juu ya kinga ya malaria kabla ya kuondoka, kwa maana aliyekaa ughaibuni miaka mingi hupoteza ile kinga aliyokua nayo. Nchi nyingine huomba kadi ya homa ya manjano. Chanjo hiyo ina virusi hai vilivyodhoofishwa, kwa hiyo mjamzito hapewi hivi hivi. Ikiwa uliwahi kuchanjwa, tangu Julai 2016 kadi ile hudumu maisha yote. Ikiwa hukuchanjwa, daktari atapima lipi lina hatari zaidi, naye anaweza kukuandikia barua ya kukusamehe.

Alfajiri ile

Yule dada alifika saa kumi na moja na mumewe, sanduku likiwa kwenye gari. Nilipowasha taa niliona uso wake umevimba. Akasema ni kulia usiku kucha. Nikamwuliza juu ya kichwa. Kilikuwa kinamuuma tangu Ijumaa, yeye alidhani ni jua. Nikapima presha: 150 kwa 100. Nikamwacha apumzike robo saa, nikapima tena mkono ule ule, nikapata vile vile. Kwenye kadi ya mwezi uliopita ilikuwa 110 kwa 70. Nikachovya kipimo kwenye mkojo, na protini ikaonyesha alama mbili.

Hiyo ndiyo njia inayokwenda kwenye kifafa cha mimba. Nikawaambia: hakuna Bukoba, kuna hospitali, na ni sasa hivi. Mumewe alielewa mara moja. Yeye alinitazama kwa muda mrefu, kisha akasema, "Mama, ni baba yangu." Sikuwa na neno la kumpa. Nilimshika mkono tukatoka wote watatu.

Alilazwa, akapewa dawa za presha na sindano ya kukomaza mapafu ya mtoto. Mazishi aliyafuata kwa simu akiwa kitandani, kaka yake mkubwa akiishika simu karibu na kaburi. Wiki ya 35 presha ilipanda tena kwa nguvu, wakamfanyia upasuaji. Mtoto wa kike, kilo 2.1, akaitwa jina la bibi yake mzaa baba yake.

Kwa muda hakuja darasani, nami nilidhani ana uchungu nami. Labda alikuwa nao. Mtoto alipotimiza miezi mitano walipanda ndege kwenda Bukoba kuliona kaburi. Mama mkwe alikwenda nao, safari yake ya kwanza ya ndege. Huyo mama bado husema kwamba alikuwa na haki tangu mwanzo, na mimi sibishani naye. Yeye ndiye aliyempakata mtoto njia nzima, na naambiwa mkanda hakuufungua hata walipotua.